Shahidi Asiyetishika

Ndoto iliingia katika hadithi za uhalifu kama msaidizi wa upelelezi. Katika filamu ya Alfred Hitchcock, Spellbound (1945), mandhari ya ndoto yalibuniwa na mchoraji Salvador Dalí, lakini maajabu yake yote yanafumbuliwa hadi muuaji anajulikana. Tamthilia ya Twin Peaks ya David Lynch na Mark Frost, iliyoanza mwaka 1990, ilizidisha ugeni: katika ndoto, waigizaji walitamka maneno kinyumenyume, kisha sauti ikageuzwa. Hata hivyo, mpelelezi Dale Cooper anaamka akiamini ametajiwa muuaji. Ndoto ilikuwa ingali mali ya kesi.

The Sopranos ya David Chase, iliyorushwa na HBO kuanzia 1999 hadi 2007, ilimpa mhalifu ndoto hiyo, na kazi yake ikabadilika. Mwishoni mwa msimu wa pili, Tony Soprano, bosi wa Mafia wa New Jersey, anaugua kwa chakula kibovu na kuota samaki anayesema kwa sauti ya rafiki yake Pussy, akikiri kwamba anaitumikia serikali. Hiyo si habari mpya. Tony alikwisha kuishuku, akaizika kwa sababu ya mapenzi. Ndoto inamnyima kisingizio. Anapata ushahidi nyumbani kwa Pussy, na rafiki huyo anauawa baharini.

Wapo watazamaji walioona kwamba ndoto hizi zinaisimamisha hadithi, na tamthilia ya Dallas ilikwisha kuwapa sababu ya kushuku mbinu hiyo mwaka 1986, ilipofuta msimu mzima kwa kudai ulikuwa ndoto. Lakini Chase hafuti kitu: Pussy habaki hai. Hoja nzito zaidi ni kwamba Tony tayari ana daktari wa akili, Jennifer Melfi, wa kumfungukia. Tatizo ni kwamba kwa Melfi anachagua la kusema na la kuficha, na mbele ya vijana wake hawezi kukiri woga. Katika ndoto ya takriban dakika 20 ya msimu wa tano (2004), meno yanamng'oka na kocha wake wa zamani anamkaripia kwa kutojiandaa. Nje ya ndoto, binamu yake Tony amekuwa mzigo kwa genge, na Tony anajua atakalotakiwa kufanya. Sehemu mbili baadaye anamwua kwa mkono wake. Kwa hiyo ndoto hazimsafishi wala hazimponyi. Zinaondoa utetezi mmoja tu, kwamba hakujua alitendalo.