Safari ya Mbegu ya Pamba, Bariadi

Pitisha kilo 100 za pamba mbegu kwenye jineri: nyuzi hutoka kama theluthi moja, na karibu zote zinazobaki ni mbegu. Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga viwanda vya Usukumani. Kubeba pamba ghafi hadi mbali ni kuilipia mbegu nauli, kwa hiyo majineri yalijengwa karibu na mashamba, na mengine yakawa na mashine za kukamua mafuta papo hapo. Nyuzi zilishindiliwa kuwa marobota, zikafuata reli iliyofika Mwanza 1928 kwa kupitia Malampaka, Maswa.

Kazi moja ilikaa pabaya: mizani. Mnunuzi ndiye aliyepima, na yeye ndiye aliyelipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walianzisha vyama vya kupima na kununua pamba yao wenyewe. Mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya uhuru ushirika ulishika ununuzi wote wa Jimbo la Ziwa. Mkulima alifika chamani na pamba safi mbali, fifi (ya daraja la chini) mbali, akapimiwa na kulipwa. Mbegu za msimu uliofuata nazo zilimrudia kupitia ushirika.

Mbegu hizo zilikuwa na utaratibu wake. Aina mpya kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru ilizalishwa kwanza eneo dogo, kisha ikasogezwa kanda iliyofuata. Pamba ya kila kanda ilichambuliwa humo humo, isichanganyike na ya jirani. Kulima, kuchambua na kugawa mbegu vilikwenda pamoja.

Serikali ilivunja vyama vya ushirika 1976, vikarejea miaka ya 1980. Mwaka 1994 soko lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wakulima waliochoka kungoja malipo ya ushirika walipata fedha taslimu, lakini malori yalivuka kanda, na jineri moja likatoa mbegu za aina mbalimbali. Ubora wa nyuzi ukashuka.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa 2012, sehemu kubwa ikitoka Shinyanga na makao makuu yakiwa Bariadi, ulirithi pamba pamoja na tatizo hilo. Msimu wa 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na mizani ikarudi chamani. Mizani huhamishwa kwa agizo la msimu mmoja; mbegu iliyochanganyika hudai misimu kadhaa ya kuzalishwa upya, kanda kwa kanda.