Paka alishtakiwa kwa kifo cha mtoto, ila ushahidi haukuwepo

DADA yangu mkubwa alifika kwangu Jumamosi iliyopita kwa basi la usiku kutoka Mumias. Alibeba kuku wawili, mkungu wa ndizi na mfuko wa mboga, akaja kumwona mjukuu. Binti yangu alikuwa amejifungua siku tisa kabla. Dada hakuwa hata amevua leso ya mabegani alipoliona boksi la katoni kando ya mlango wa jikoni. Ndani yake mlikuwa na paka wetu akinyonyesha watoto wanne waliokuwa ndio kwanza wamefungua macho.

“Huyu pusi anafanya nini humu?”

“Amezaa, dada.”

“Nimeona amezaa. Nauliza anafanya nini kwa nyumba iko na mtoto mchanga. Leo hii atoke! Mnataka amnyonye mtoto pumzi?”

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alitaka kumjibu shangazi yake. Nikamkonyeza anyamaze. Kuna jambo nililolijua ambalo yeye hakulijua.

Msomaji, bila shaka nawe umewahi kuisikia imani hiyo kwamba paka humwekea mtoto mdomo puani na kumfyonza pumzi mpaka afe. Wengi hudhani ni mambo ya vijijini kwetu. La hasha! Imani hii imewahi kuingia hata katika uamuzi rasmi Ulaya. Kitabu cha matukio ya mwaka kilichochapishwa London, Annual Register cha 1791, kina taarifa fupi ya mwezi Januari. Mtoto wa miezi 18 alikutwa amekufa karibu na Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Uchunguzi wa chanzo cha kifo ukaamua kwamba paka alimnyonya pumzi hadi akakosa hewa.

Hebu tuupime uamuzi huo. Mtoto wa miezi 18 si kichanga. Aghalabu huwa anatembea, anapanda viti na kumvuta paka mkia. Je, angelala tu akinyonywa pumzi bila kumsukuma? Isitoshe, paka hana haja na pumzi ya mtu. Anachokitafuta ni joto. Kitanda cha mtoto kina blanketi, kina mwili wenye joto na kina harufu ya maziwa. Paka akipata nafasi atapanda, ajikunje na kulala. Asubuhi ikiwa mtoto amefariki kwa sababu nyingine kabisa, wa kwanza kuonekana pale atakuwa paka. Mshukiwa amekamatwa papo hapo!

Sasa tujiulize swali gumu zaidi. Lau paka asingekuwamo chumbani, nani angehojiwa? Mama. Kesi ya wanawake wawili mbele ya Mfalme Suleimani katika Biblia ilianza hivyo hivyo: mama aliamka usiku akamkuta mwanawe amekufa, ikasemwa kwamba alimlalia. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, kanisa liliwapa adhabu ya toba wazazi waliosemekana kuwalalia watoto wao. Katika hali kama hiyo, paka ni mshtakiwa anayefaa sana. Hana wakili, hana ukoo wa kumtetea, na akipatikana na hatia mama anabaki bila doa. Sidai kwamba watu wa Plymouth walidanganya makusudi. Ninachosema ni kwamba uamuzi wao uliwapunguzia watu fulani mzigo mzito.

Ajabu ni kwamba paka na binadamu hawakuanza urafiki wao kwa lawama. Mnamo 2004, wanaakiolojia wa Ufaransa walitangaza kwamba wamepata kaburi la miaka 9,500 hivi katika kisiwa cha Cyprus. Mtu alizikwa humo, na karibu naye akazikwa paka. Kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, ina maana kwamba kuna mtu aliyempakia paka mashuani akavuka naye bahari. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa 2007 nao ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Paka mwitu huyo bado yupo, hata hapa Kenya.

Wamisri wa kale walikwenda mbali zaidi. Mungu wao wa kike aliyeitwa Bastet, mwenye kichwa cha paka, alihusishwa na uzazi na ulinzi wa nyumba. Zipo sanamu za shaba zinazomwonyesha paka jike akiwa na watoto wake miguuni au wakinyonya. Taifa zima lilipotafuta mfano wa mama, lilimtazama mnyama yuleyule ambaye dada yangu alitaka atupwe nje. Nalo jina lake katika lugha yao lilikuwa karibu na “miu”. Masikio ya Mmisri yalisikia yaleyale yanayosikiwa na Mkikuyu anayemwita “nyau”.

Hata hivyo, Wamisri hawakuwa wajinga wa kuona malaika kila mahali. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 Kabla ya Kristo, alieleza kuwa paka dume huiba watoto wa paka na kuwaua, ili jike aliyefiwa arudi kutaka dume. Maelezo hayo yamekaribia sana yale ya wanasayansi wa leo, kwani dume mgeni huweza kweli kuua watoto ambao si wake. Hivyo basi, ukimwona paka mama akiwabeba watoto wake mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akihama kutoka boksini hadi kabatini, usidhani amechanganyikiwa. Anawaficha.

Kiswahili nacho kililijua hilo. Dume kubwa linalozurura usiku tunaliita shume, na anayesema “shume” hasemi kwa mapenzi. Mtoto wa paka, kama tulivyokariri shuleni pamoja na ndama na kifaranga, ni kinyaunyau. Maneno haya mawili yanatenganisha anayeogopewa na anayelelewa.

Kuna neno la tatu, nunda. Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870 ngano alizozikusanya Zanzibar, na mojawapo inamhusu Sultani Majnuni na paka wake. Paka huyo alianza kula mifugo ya watu. Kila walipokwenda kulalamika, sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, wamwache. Paka akaendelea mpaka akala watoto wa watu, na mwishowe akawaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani alipokubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Hebu tazama lugha inavyofanya kazi. Mswahili alipotaka kusimulia habari za paka mla watoto, ilimbidi ambadilishe jina. Paka aliyebaki paka hakushtakiwa. Aliyestahili kulaumiwa zaidi katika ngano hiyo ni mwenye paka, aliyeziba masikio.

Tukirudi kwenye boksi letu, paka hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, na macho hufunguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Wanapokua, mama huwaletea panya aliyekufa, kisha panya aliye hai, wajifunze kuwinda. Watafiti waliochunguza paka wa mashambani Uingereza katika miaka ya 1970 waliona majike wa ukoo mmoja wakiweka watoto wao pamoja na kunyonyeshana. Yaani yupo mama, na yupo mama mdogo wa kumsaidia, sawa na kwetu.

Na je, kilio chake? Paka wazima ni nadra kulizana “nyau” wao kwa wao. Sauti hiyo ni ya mtoto kumwita mama, na paka mzima huitumia zaidi anapozungumza nasi. Mwaka 2009, Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha kwamba paka anapodai chakula huchanganya mkoromo wake wa kawaida na sauti nyembamba inayokaribiana na ya mtoto mchanga anayelia. Ndiyo maana unaamka saa kumi na moja alfajiri kumpa chakula huku ukinung’unika.

Je, hii ina maana kwamba paka hana hatari yoyote kwa mama na mtoto? Hapana, na hapa ndipo imani potofu inapotuponza, maana inatuelekeza tuogope kisichokuwepo na kusahau kilichopo. Mwaka 1908, jijini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux waligundua kimelea kinachoitwa toksoplazima. Ilichukua takriban miaka 60 zaidi kuthibitisha kwamba mayai yake hutoka katika kinyesi cha paka. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kimelea hicho kinaweza kudhuru macho na ubongo wa mtoto tumboni. Kwa hivyo mjamzito asizoe kinyesi cha paka, avae glavu akilima, aoshe mboga vizuri na ale nyama iliyoiva. Mtoto naye akishazaliwa, paka asilale kitandani mwake, kwa kuwa kichanga hawezi kumsukuma mnyama aliyemwegemea usoni. Mlango uliofungwa unatosha. Gunia halihitajiki.

Nimelitaja gunia kwa sababu ndilo lililonifanya nimkonyeze binti yangu.

Mwaka 1978 dada alikuwa na mtoto wa kwanza, wa miezi miwili. Asubuhi moja tuliamshwa na mayowe. Mtoto alikuwa amefariki usingizini. Swali la kwanza aliloulizwa dada, nililisikia kwa masikio yangu: “Ulimlalia?” Hakujibu. Kisha bibi mmoja wa pale bomani akasema amemwona paka akitoka chumbani alfajiri. Maswali yakaisha hapo hapo. Paka alitiwa guniani, nami, mvulana wa miaka kumi na mmoja, nikapewa nilibebe hadi mtoni. Vinyaunyau wake walilia ghalani siku tatu.

Jumapili jioni nilimweleza dada habari za Plymouth. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Kwa hivyo kama si paka, ni mimi?”

Nakiri kwamba sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nikimtetea paka kama wakili hodari, kumbe kila hoja niliyoitoa ilikuwa inamrudisha dada yangu kizimbani alikokuwa ameokolewa miaka mingi iliyopita.

Binti yangu ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba mwaka 1969 madaktari walikubaliana kukipa jina kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ambacho hata uchunguzi wa maiti hauonyeshi sababu. Kwamba baadaye iligunduliwa kuwa hatari huongezeka mtoto akilazwa kifudifudi, na kwamba katika miaka ile hata wataalamu wengi wa nchi tajiri walikuwa wakiwashauri wazazi wawalaze hivyo. Kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza Uingereza 1991, miaka 200 kamili baada ya uamuzi wa Plymouth, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu.

“Si wewe, shangazi,” alisema. “Na si paka. Hakuna aliyekuwa anajua.”

Dada alinyamaza kitambo. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akainuka, akaenda kumtazama mjukuu. Nilimsikia akimgeuza taratibu.

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Maana yake ni kwamba mwerevu haachi kujihadhari, wala hajiweki mahali atakapodhurika. Nimeitumia methali hiyo darasani kwa miaka mingi bila kuwaza kwamba anayepaswa kulala chali ni mtoto.

Jumatatu asubuhi, kabla dada hajapanda basi, nilikuta omena kwenye kisahani kando ya boksi. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa.