Kifafa, Kisu na Usemi wa Vijana wa Rufiji

Yapo maradhi yamlazayo mtu, na yapo yamnyimayo matumizi ya kiungo chake. Lakini ni machache yampokonyayo mtu fahamu kwa dakika chache, kisha yakamrudisha duniani akiwa hana neno la kusema. Kifafa ni moja la maradhi hayo machache. Mgonjwa aamkapo baada ya kuanguka huwatazama watu wake asijue majina yao, na pengine huwasikia wasemayo asifahamu maana. Kwa wengi hali hiyo hupita upesi. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, huacha alama katika usemi wao. Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana, tangu vijiji vya Delta ya Rufiji hata vyumba vya upasuaji vya nchi za mbali, na yataka kuonyesha kwamba usemi wa kijana hauwezi kulindwa na daktari asiyeweza kuusikia.

Mto Rufiji huingia katika Bahari ya Hindi kwa midomo mingi, na baina ya midomo hiyo pana msitu mkubwa wa mikoko, visiwa vya matope na mashamba ya mpunga. Kaskazini ya mto, kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi, upo mji wa Kibiti, makao ya wilaya iliyotengwa na Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mtu wa visiwani akitaka daktari hana budi kungoja maji yajae, apande mtumbwi au mashua, kisha atafute gari. Nchi hii ina maji mengi; penye maji mengi pana mbu, na penye mbu pana malaria. Kwa sababu hiyo mtoto wa delta, tangu kale, alikuwa karibu sana na homa kali, na homa kali ina mkono katika habari ya kifafa.

Wenyeji wa pwani waliliona jambo hilo kabla ya kuandikwa na madaktari, nao walilipa majina mawili. Mtoto mchanga ashikwapo na homa akakakamaa, macho yakageuka na viungo vikatikisika, husemwa kwamba ana degedege. Na jina hilo liliambatana na imani ya dege apitaye usiku juu ya mtoto. Kijana aangukaye mara kwa mara pasipo homa husemwa kwamba ana kifafa, neno ambalo msikiaji husikia sauti ya kufa ndani yake. Majina hayo mawili yaligawanya jambo moja katika njia mbili. Degedege lilikuwa na waganga wake, mafusho yake na miiko yake, na katika sehemu nyingi za pwani watu waliamini kwamba sindano humwua mtoto mwenye degedege. Kifafa nacho kilikuwa na fedheha yake, ikawa ni habari ya kufichwa ndani. Basi ikawa vigumu kuona kwamba huenda mtoto wa degedege la jana akawa ndiye kijana wa kifafa cha leo.

Hata hivyo si haki kusema kwamba watu wa Rufiji waliikimbia hospitali. Mwaka 1998 ilianzishwa Rufiji kazi ya kuhesabu watu kaya kwa kaya, na kila palipotokea kifo wafiwa waliulizwa kwa utaratibu habari za ugonjwa wa marehemu wao. Taarifa moja iliyochapishwa mwaka 2004 ilichungua vifo vilivyohesabiwa kuwa vya malaria baina ya mwaka 1999 na 2001. Ilionekana kwamba zaidi ya robo tatu ya marehemu hao walipelekwa kupata tiba ya kisasa kabla ya kufa, wengine pasipo tiba nyingine na wengine pamoja na dawa za kienyeji. Wazazi walitumia njia zote zilizokuwa mbele yao. Lakini tiba ilichelewa, au ilikosa nguvu, au ilikuwa mbali. Yafaa ikumbukwe pia kwamba elimu hiyo ilipatikana kwa kusikiliza maneno ya wafiwa, kwa lugha waliyoisema wao.

Uhusiano wa homa, degedege, kifafa na usemi ulichunguzwa kwa makini zaidi katika pwani hii hii, huko Kilifi, Kenya, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1989. Watafiti waliwafuata watoto waliopona malaria kali, wakawapima walipofika umri wa shule. Kati ya waliowahi kupoteza fahamu au kushikwa na degedege kali, takriban mtoto 1 katika kila 4 alikuwa na upungufu wa namna fulani, na usemi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodhurika. Kati ya watoto ambao hawakuugua hivyo, alikuwa 1 katika kila 10. Kifafa nacho kilionekana zaidi kwa waliougua. Watoto wa Kilifi waliopimwa walisema Kigiriama. Kwa hiyo watafiti hawakuchukua vipimo vya Kiingereza na kuvifasiri tu, bali walikaa na wasemaji wenyewe wakatunga vipimo vinavyolingana na lugha hiyo. Kama wasingalifanya hivyo, upungufu mwingi ungalipita bila kuonekana, au watoto wazima wangaliitwa wagonjwa.

Historia ya kifafa katika bonde la Rufiji yenyewe yaanzia juu ya mto. Maji ya Kilombero, ambao zamani uliitwa Ulanga, hukutana na maji ya Luwegu, na hapo ndipo mto upatapo jina la Rufiji. Katika milima iliyo juu ya bonde hilo uko Mahenge, nchi ya Wapogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mmoja wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika huko akakuta watu wengi mno wenye kifafa. Wengine walikuwa na makovu ya moto kwa kuanguka jikoni. Wengine walilishwa peke yao, kwa kuwa jamaa waliogopa mate yao. Alianzisha kliniki yao, akawapa fenobabitali, dawa ya bei ndogo, na wengi wakapata nafuu kubwa. Aliandika pia habari za watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wenye usingizi, hali ambayo wenyeji waliijua kwa jina la kusinzia kichwa, nayo ilikuja kushughulisha wataalamu wa dunia miaka mingi baadaye.

Mtoto atengwaye chakulani hutengwa pia katika mazungumzo, na asiyezungumzwa naye hujifunza maneno machache. Basi kifafa hudhuru usemi kwa milango miwili, mmoja wa ubongo na mwingine wa jamii. Dawa yaweza kuzuia kuanguka, lakini haiwezi kumrudishia kijana mazungumzo aliyonyimwa kwa miaka kumi.

Ama habari ya mlango wa ubongo, ilianza kufahamika Ufaransa mwaka 1861, Paul Broca alipoeleza habari za mtu aliyepoteza usemi kwa jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto. Mwaka 1886 Victor Horsley alipasua ubongo wa kijana mmoja huko London ili kuondoa kovu lililomletea kifafa. Tangu hapo swali likawa moja: daktari atakataje kisababishi cha kifafa asikate na usemi? Wilder Penfield wa Montreal alilijibu kwa kumwacha mgonjwa macho wakati wa upasuaji. Ubongo wenyewe hauna maumivu ukiguswa. Daktari aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme mdogo huku mgonjwa akionyeshwa picha ili azitaje. Penye kumnyamazisha au kumfanya akosee, kisu hakikupita. Kitabu alichokiandika pamoja na Lamar Roberts juu ya usemi na ubongo kilitoka mwaka 1959.

Afrika nayo ina nafasi katika historia hiyo. Mwaka 1950 Roland Krynauw wa Johannesburg alitoa taarifa ya wagonjwa 12 waliopooza upande mmoja tangu utotoni, ambao aliwaondolea nusu ya ubongo iliyoharibika. Upasuaji wa namna hii ulifundisha jambo kubwa: mtoto aliyepata jeraha mapema katika nusu ya kushoto aweza kuwa na usemi wake katika nusu ya kulia. Kwa watu wazima watumiao mkono wa kulia, karibu 96 katika 100 husema kwa nusu ya kushoto. Lakini ubongo wa mtoto haujafunga milango yake. Mwaka 1997 wataalamu wa London walieleza habari za mvulana ambaye hakuwa amesema kitu cha maana hata umri wa miaka minane na zaidi. Baada ya kuondolewa nusu ya kushoto, na dawa za kifafa kupunguzwa, alianza kusema akiwa na miaka tisa, akafika kusema sentensi kamili. Maana yake ni kwamba kifafa chenyewe huweza kuufunga usemi, na kukiondoa ni kuufungua. Lakini kijana aliyekwisha kukua akatwapo sehemu ya kushoto ya upande wa kichwa, mara nyingine hubaki akitafuta majina ya vitu anavyovijua.

Upasuaji si mwanzo wa tiba. Takriban watu 70 katika 100 wenye kifafa waweza kuishi pasipo kuanguka wakipata dawa sawasawa. Na kwa kijana wa delta, vidonge visivyokatika ndilo hitaji la kwanza. Kisu ni cha wale ambao dawa zimewashinda. Hata hao hawako mbali na matumaini kama ilivyodhaniwa: taarifa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, wagonjwa wa kifafa walichaguliwa na kupasuliwa kwa vyombo vichache kuliko vya nchi tajiri. Njia ikifunguka Mbale, yaweza kufunguka Dar es Salaam, na Kibiti iko jirani.

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa lugha ikutanapo na kazi ya daktari. Vipimo vingi vya usemi vilitungwa kwa Kiingereza, navyo huhesabu sana majina ya vitu. Kiswahili hubeba mzigo wake mahali pengine. Katika neno moja, hawajamwona, mna watendaji, mtendwa, wakati na ukanushi. Kijana aweza kutaja kikombe, mtumbwi na mkoko bila kukosea, na huku upatanisho wa maneno umemwanguka. Mpimaji ahesabuye majina tu atamwita mzima. Kinyume chake, kijana akisema kitabu kubwa imepotea, mgeni aweza kudhani ni jeraha, kumbe ndivyo wasemavyo wenziwe sokoni. Atenganishaye mazoea na maradhi ni ajuaye lugha ya mahali.

Tena kijana wa Kibiti huenda ana lugha zaidi ya moja: Kindengereko cha bibi yake, Kiswahili cha kila siku, na Kiingereza cha shule ya sekondari. Mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walionyesha kwamba lugha mbili za mtu mmoja huweza kukaa, kwa sehemu, mahali mbalimbali katika ubongo. Daktari alindaye Kiingereza cha mtihani pekee aweza kukata, asijue, maneno ambayo kijana huyo huamkia mama yake.

Kindengereko kina sarufi iliyoandikwa na Eva-Marie Ström na kutoka Gothenburg mwaka 2013, na Kiswahili kina wataalamu wengi. Vitakiwavyo ni vitu vya kawaida: picha za vitu ambavyo mtoto wa delta huviona, sentensi za kurudia zenye ngeli na nyakati zote, hadithi fupi ya kusimulia, na hesabu ya jinsi watoto wazima wa umri mmoja na mahali pamoja wazisemavyo. Kazi hiyo haihitaji kisu wala umeme. Itakapokuwa tayari, mganga wa zahanati ya Nyamisati ataweza kuandika katika barua yake ya rufaa, pamoja na idadi ya maanguko, ni maneno gani kijana huyu aliyasema mwaka jana ambayo mwaka huu hayasemi tena.