Kufuli la Katiba ya Kenya

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, ilikabidhiwa katiba yenye makufuli mawili. Sehemu za kawaida za katiba hiyo hazikuweza kugeuzwa ila kwa kura 75 katika kila 100 za wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na kadhalika katika Seneti. Walakini sehemu zilizohesabiwa kuwa na thamani zaidi, yaani haki za raia, mambo ya ardhi, mamlaka ya majimbo na Seneti yenyewe, zilitiwa kufuli la pili: hizo zilitaka kura 90 katika kila 100 za Seneti. Wajumbe wa Seneti walikuwa 41. Basi wakikataa watano tu, jambo lote lilikwama.

Kufuli hilo halikuwekwa kwa mapenzi ya chama kilichoingia madarakani. Lilitokana na mashauri ya Lancaster House, mjini London, ambako watu wa KADU, wakiongozwa na Bwana Ronald Ngala wa Pwani, walishikilia kuwa makabila madogo yasiachwe yamezwe na makubwa. KANU, chini ya Mzee Jomo Kenyatta, waliikubali katiba ile shingo upande, kwa kuwa uhuru ulikuwa mlangoni na hawakutaka kuuchelewesha. Hofu ya hao wa kwanza haikuwa ya bure. Wala si haki kusema kwamba hawa wa pili hawakuwa na hoja, maana serikali changa, isiyo na fedha wala wataalamu wa kutosha, ilitakiwa igawane kazi zake na majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi.

Kufuli lilifunguka bila kuvunjwa. Wajumbe wa upinzani walianza kuhamia upande wa serikali, na tarehe 10 Novemba, 1964, KADU ikajivunja yenyewe. Waliotunga ile hesabu ya 90 katika 100 walikuwa wamepiga hesabu ya kura, lakini hawakuweza kupiga hesabu ya mioyo ya wapiga kura wenyewe. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na majimbo yakaanza kupokonywa mamlaka yao.

Ila badiliko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1965, nalo si lile ambalo watu hulikumbuka. Mwaka huo Bunge liligeuza ile sehemu ya katiba iliyoeleza jinsi katiba inavyogeuzwa. Kufuli la pili likaondolewa kabisa, na lile la kwanza likalegezwa: badala ya kura 75 katika 100, zikatosha 65, kwa jambo lo lote, liwe dogo au kubwa. Mtu aliyetaka kujua yatakayotokea katika miaka ishirini na mitano ya mbele angeweza kuyasoma katika sheria hiyo moja.

Matokeo hayakukawia. Aprili 1966, Bwana Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais akajiunga na chama kipya cha KPU. Upesi sana katiba ikarekebishwa, kwamba mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni sharti arudi kwa wapiga kura. Ajabu ni kwamba wale waliohama kutoka KADU miaka miwili nyuma walikuwa wamepokewa kwa mikono miwili. Mwaka huo huo Seneti ilikubali kufa. Mabaraza mawili yakaunganishwa, maseneta 41 wakapewa viti katika Bunge moja, na uchaguzi ukaahirishwa. Si wengi wanaokataa kuzikwa katika kaburi lenye kiti na mshahara.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila namna. Mwaka 1974 Kiswahili kilifanywa lugha ya Bunge, jambo lililowafurahisha wapenzi wa lugha hii, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mjumbe akawa anajadili kwa lugha moja karatasi iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Mwaka 1975 ilibidi katiba iguswe tena ili maneno ya miswada yaruhusiwe kunukuliwa kwa Kiingereza, na 1979 lugha zote mbili zikakubaliwa. Mwaka huo wa 1975, tena, Rais alipewa uwezo wa kusamehe makosa ya uchaguzi, na kila mtu alijua kuwa kanzu hiyo imeshonwa kwa kipimo cha Bwana Paul Ngei. Juni 1982, Bwana Odinga alipokuwa akijiandaa kuanzisha chama, kikaongezwa kifungu cha 2A, kilichosema kwamba KANU ndicho chama pekee. Mwaka 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kutofukuzwa kazini, ikarudishwa 1990. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa na Bunge lile lile la chama kimoja.

Tangu 1963 mpaka wakati huo hapakuwa na badiliko hata moja lililopelekwa kwa wananchi walipigie kura. Neno hili ndilo lililoamsha Mahakama Kuu mwaka 2004, katika shauri la Mchungaji Timothy Njoya: ikaamua kuwa Bunge laweza kurekebisha katiba, lakini halina uwezo wa kuiondoa na kuweka nyingine mahali pake bila idhini ya watu. Tarehe 21 Novemba, 2005, watu wakaulizwa kwa mara ya kwanza, ndizi ikiwa alama ya kukubali na chungwa ya kukataa. Chungwa likashinda. Waliulizwa tena tarehe 4 Agosti, 2010, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na safari hii wapatao 67 katika kila 100 walikubali.

Katiba hiyo mpya ilirudisha Seneti na kuunda kaunti 47. Ikarudisha pia kufuli la pili, lakini ufunguo ukahamishwa. Mambo kumi, miongoni mwao haki za raia, ugatuzi na muhula wa Rais, hayageuzwi bila kura ya wananchi. Aidha raia wenyewe wanaweza kuanzisha badiliko kwa sahihi milioni moja.

Njia hiyo ya sahihi ndiyo iliyotumiwa na Rais Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga, wana wa wale mahasimu wawili wa 1966, walipotaka kuongeza viti vya Bunge na kumrudisha Waziri Mkuu. Sahihi zilipatikana, mabaraza mengi ya kaunti yakaridhia, na Bunge likapitisha. Tarehe 31 Machi, 2022, Mahakama ya Juu ilikataa: mlango wa sahihi milioni moja ulijengwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, na Rais hawezi kupita humo.