Ngao ya Jirani

Kwa miaka mingi, nikisikia habari za vita vya Ugiriki ya kale, picha iliyonijia ilikuwa ya filamu: shujaa mmoja anaruka, upanga mkononi, maadui wanaanguka kushoto na kulia. Kisha nikamsoma Thucydides, na picha ile ikafutika.

Akisimulia mapigano ya Mantinea, mwaka 418 KK, anaeleza kwamba majeshi yote yakisonga mbele huvutika kuelekea kulia. Kwa nini? Ngao kubwa ya duara ilishikwa kwa mkono wa kushoto, mkuki kwa wa kulia, kwa hiyo ubavu wa kulia ulibaki wazi. Basi kila askari, kwa woga, alijibanza kwenye ngao ya jirani yake wa kulia. Anayeanza ni yule wa mwisho kabisa kulia, ambaye hana jirani wa kumkinga, wengine wanamfuata. Hebu fikiria: maelfu ya watu wanapindishwa na hofu ya mtu mmoja!

Siku hiyo Agis, mfalme wa Sparta, alijaribu kurekebisha mambo. Aliamuru vikosi vya kushoto visogee kushoto zaidi, na makamanda wawili wa upande wa kulia waje kuziba pengo. Wakagoma. Adui akapenya. Sparta ilishinda hata hivyo, lakini wale wawili walihukumiwa kwa uoga na kufukuzwa nchini.

Nilidhani Wamakedonia walilimaliza tatizo hili. Askari wao walishika sarisa, mkuki wa mita tano hivi au zaidi, kwa mikono miwili. Ngao ikawa ndogo. Polybius anasema mbele ya kila askari wa safu ya kwanza zilitokeza ncha tano. Uso kwa uso, nani angepita hapo? Kumbe kutegemeana ndiko kulikozidi. Akiwa peke yake, mwenye sarisa hata kugeuka ilikuwa kazi. Pale Pydna, mwaka 168 KK, ardhi yenye mabonde ilifungua mapengo kwenye safu, Warumi wakaingia na panga zao, na jeshi la mfalme Perseus likasambaratika.

Vitabu vimetuachia majina ya Agis na Perseus. Yule wa mwisho kulia hana jina. Lakini siku hizi nikisoma habari za vita, ndiye ninayemtafuta kwanza: ubavu wazi, na hakuna ngao ya mtu ya kujibanza.