Sekunde Tano za Bahati

Husemwa bahati haina hakimu. Huko California, Marekani, ilimpata.

Wapiga kura wa jimbo hilo walikubali bahati nasibu mwaka 1984 ili shule zipate fedha. Mwaka uliofuata kikaanza kipindi cha televisheni, The Big Spin. Mtu alinunua tiketi, akaikwangua. Akipata alama iliyotakiwa, aliituma. Jina lake likichaguliwa, alialikwa studio kuzungusha gurudumu kubwa lenye mpira ndani. Tundu ulimotulia mpira ndilo lililotaja zawadi. Sharti: utulie humo sekunde tano.

Desemba 1985, mpira wa mama mmoja uliingia tundu la dola milioni 3. Mtangazaji akamtaja mshindi, shangwe zikalipuka. Mara mpira ukachomoka, ukaangukia dola 10,000!

Mama akaenda mahakamani na kanda za video: wengine walikuwa wametangazwa washindi kabla ya sekunde tano kutimia. Mwaka 1989 jopo la raia lililosikiliza kesi likaamua alipwe milioni zake 3, na fidia juu.

Kipindi kilikoma mwaka 2009, lakini funzo lipo. Aliyefumbia macho sharti kwa wengine, asilikumbuke kwa mmoja. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.