Masalia ya Thairoidi: Kuota, Kurudi au Kuchipua?

"Nilitolewa tezi yote, sasa naambiwa imeota tena." Kauli hii husemwa na watu waliopasuliwa shingo miaka mingi nyuma, na kila neno zito lililomo lina walakini. Tezi ipi? Yote kwa kipimo cha nani? Na imeotaje? Daktari huitikia kwamba hayo hutokea, kisha huandika kwenye faili maneno ya Kiingereza ambayo mgonjwa hatayasoma. Kiswahili hakijashindwa kulieleza jambo hili. Maneno tunayo, ila tunayatumia ovyo.

Tuanze na tezi. Kwa mwalimu wa biolojia, tezi ni kiungo kinachotengeneza majimaji au homoni: kuna tezi za mate, za jasho na nyingine nyingi, na kila mtu mzima wa afya anazo. Mtaani tezi ni ugonjwa. Ukisema fulani ana tezi, hakuna atakayedhani unamsifu kwa ukamilifu wa viungo vyake; wote wataelewa kuwa shingo yake imevimba. Hata sarufi hubadilika, maana wengi wakitaja uvimbe husema "tezi limemtoka", na wakitaja kiungo husema "tezi yake". Waliosoma kidogo husema goita, na wazee wa baadhi ya sehemu husema rovu. Basi mpasuaji anapomwambia mgonjwa kwamba atamtoa tezi, yeye anafikiria kiungo na mgonjwa anafikiria uvimbe. Wanaagana wakiwa wameridhika wote wawili, kila mmoja na lake kichwani.

Kiungo chenyewe zipo kamusi zinazokiita dundumio. Ni neno tamu, lakini sijamsikia muuguzi akilitumia, na mimi nimechagua thairoidi. Jina hili limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngao, na aliyekipa kiungo hiki jina hilo ni tabibu Mwingereza Thomas Wharton, mwaka 1656. Sababu ya kulichagua si heshima kwa Wagiriki. Thairoidi ina ukoo: homoni yake ni thairoksini, protini yake ni thairoglobulini, na majirani zake ni parathairoidi. Ukimwita mama dundumio, watoto wote watabaki bila mzazi wa kuwaunganisha.

Thairoidi hukaa mbele ya bomba la hewa, chini kidogo ya zoloto. Ina pande mbili zilizoungwa na daraja jembamba, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Nyuma yake, kila upande, inapita neva inayoendesha nyuzi za sauti. Hapohapo zimejibanza parathairoidi, kwa kawaida nne, zenye ukubwa wa milimita chache tu, ambazo kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Ujirani huu ndio unaolifanya neno "yote" kuwa gumu.

Zamani upasuaji uliozoeleka kwa goita ulikuwa wa kupunguza: mpasuaji alikata sehemu kubwa ya kila upande na kuacha gramu chache kwa makusudi, ili mgonjwa aendelee kujitengenezea homoni na neva isiguswe. Mwingine ni wa kutoa upande mmoja wote na kuacha kipande upande wa pili, njia inayoitwa kwa jina la Thomas Dunhill, mpasuaji kutoka Australia. Upo wa kutoa upande mmoja tu, na upo wa kutoa pande zote mbili pamoja na daraja lake. Kwa Kiswahili cha wodini, operesheni zote hizi zina jina moja: kutolewa tezi. Mtu aliyetolewa upande mmoja mwaka 1995 na aliyetolewa zote mbili mwaka jana watasimulia hadithi ileile kwa maneno yaleyale.

Hata pale operesheni inapoandikwa kuwa ni ya kutoa yote, maana yake ni yote iliyoonekana. Tazama mkono wa mpasuaji unapofika mwisho wa kazi. Mishipa ya damu ya juu na ya chini imekwisha kufungwa, tezi imegeuzwa kuelekea katikati, na imebaki kushikiliwa na ukano mfupi mgumu unaoigandisha kwenye bomba la hewa. Neva ya sauti inapita milimita chache kutoka hapo, ikielekea kuingia kwenye zoloto, na wakati mwingine nyama ya tezi imeikumbatia. Akikata karibu mno na bomba, mgonjwa anaweza kuamka na sauti ya kukwaruza isiyopona. Akiacha utando mwembamba wa tezi juu ya neva, sauti itasalimika. Wapasuaji wengi makini hapo huchagua sauti, nami siwalaumu.

Kisha kuna vipande ambavyo havikuwa mahali vinapotazamiwa. Mtoto akiwa bado tumboni, thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, ikashuka shingoni hadi mahali pake. Njiani huweza kudondosha chembechembe. Watu wengi wana kijisehemu chembamba kinachopanda juu kutoka kwenye daraja, na wengine wana visiwa vidogo vya tezi chini karibu na kifua, au juu karibu na ulimi. Mpasuaji hawezi kutoa asichokiona.

Ushahidi kwamba vipande hubaki hupatikana kwa wagonjwa wa saratani ya thairoidi. Baada ya kutolewa tezi hunyweshwa iodini nururifu, yaani iodini inayotoa mionzi, kisha shingo hupigwa picha. Seli za thairoidi hufyonza iodini kuliko seli nyingine yoyote mwilini, kwa hiyo zilizobaki hujionyesha zenyewe. Mara nyingi picha huonyesha kwamba kitu kimebaki, hata kazi ilipofanywa na fundi hodari. Dozi kubwa zaidi ya iodini hiyohiyo huzichoma seli hizo pale zilipo. (Kwenye pakiti za chumvi iodini huitwa madini joto. Jina limeshika na halidhuru mtu, ingawa mgonjwa akiambiwa atanyweshwa "madini joto yenye mionzi" anaweza kutoroka kabla ya kikombe kufika.)

Sasa tufike kwenye kuota, ambapo ndipo penye kiini cha suala. Kiswahili kinaotesha vitu vingi mwilini: nywele, kucha, meno, ndevu, na kinyama kinapojitokeza puani au jichoni. Kitenzi hiki hakiulizi kitu kimeota kutokana na nini. Jino la utu uzima huota pengoni palipokuwa na jino la utoto, na anayesikia kwamba thairoidi "imeota tena" hufikiri vivyo hivyo, kwamba mwili umeunda tezi mpya mahali palipokuwa patupu. Mwili wa binadamu hauna uwezo huo kwa thairoidi. Ini likikatwa kipande hujaza ukubwa wake katika muda mfupi; seli za thairoidi ya mtu mzima hugawanyika mara chache sana, na pasipobaki seli hata moja hapaoti kitu.

Kinachotokea ni kukua kwa kilichoachwa. Mti uliokatwa ukiacha kisiki, kisiki huchipua. Ukiung'oa na mizizi, kazi imekwisha. Kitenzi kuchipua kinabeba ndani yake habari ambayo kuota hakina: kwamba pana shina lililobaki. Kwa sababu hiyo ningependa kisemwe hospitalini. Nyama iliyobaki iitwe masalia ya thairoidi, na kukua kwake kuitwe uchipuaji wa masalia. Mgonjwa akisikia maneno hayo mawili atauliza swali sahihi yeye mwenyewe: kumbe mliacha masalia?

Kuchipua huku kunasukumwa na nini? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayopima thairoksini iliyomo katika damu. Thairoksini ikipungua, pituitari hutuma homoni chochezi, ile inayoandikwa TSH kwenye karatasi za maabara, kuihimiza thairoidi ifanye kazi zaidi. Thairoidi ikiwa imekatwa, himizo lote huangukia masalia, nayo hujitahidi kwa kuzalisha homoni na kwa kunenepa. Vidonge vya levothairoksini huitosheleza pituitari ili inyamaze. Mgonjwa anayevisahau vidonge kwa miezi anayamwagilia masalia yake bila kujua.

Kwenye ugonjwa wa Graves mchochezi ni mwingine. Kingamwili za mgonjwa mwenyewe hujifanya homoni chochezi na kuisukuma tezi bila kikomo, na kumeza vidonge hakuzinyamazishi. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa Graves ukubwa wa kipande kilichoachwa huamua mengi. Na katika goita ya vinundu, baadhi ya seli zimekwisha kuharibika tangu mwanzo na hukua kwa amri yake zenyewe, polepole, kiasi kwamba uvimbe unaweza kujitokeza miaka 20 baada ya operesheni.

Hapa ndipo ninapokataa neno kurudi, angalau kwa maana hii. Kinachorudi ni ugonjwa: saratani hurudi, Graves hurudi. Masalia yasiyo na ugonjwa yakikua, hakuna kilichorudi, maana hayakuondoka. Mwanamke aliyetibiwa saratani akiambiwa "tezi imerudi" atasikia kwamba saratani imerudi, na siku zake zitakuwa za kilio hadi mtu mwingine amfafanulie. Tuseme ugonjwa umejirudia pale tu ugonjwa unapokuwa umejirudia. Uzaliwaji upya wa kiungo tuuachie ini.

Historia ya jambo hili ilianzia Bern, Uswisi, nchi ambayo mabonde yake ya milimani yalikuwa yamejaa goita kwa uhaba wa iodini. Theodor Kocher, profesa wa upasuaji katika mji huo tangu 1872, alifanya upasuaji wa thairoidi kwa utulivu na usafi ambao wenzake hawakuwa nao, na vifo vikapungua sana. Kwa kuwa alikuwa hodari, alianza kutoa tezi yote. Mwaka 1882 Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alimdokeza kwamba wagonjwa wa namna hiyo huharibika baadaye. Kocher akawaita wa kwake. Miongoni mwa aliowapasua alikuwamo msichana aliyetolewa tezi mwaka 1874. Mdogo wake wa kike, ambaye awali walifanana mno, alikuwa amemzidi kimo, na yule aliyepasuliwa amebaki mfupi, amevimba uso, mzito wa mwendo na wa fikra. Kati ya wagonjwa 18 wa tezi yote aliowachunguza, 16 walikuwa na dalili hizo kwa viwango mbalimbali. Wawili walisalimika, na kwao kulionekana goita ndogo iliyoanza kukua tena shingoni. Uchipuaji ambao mpasuaji wa leo anauhesabu kuwa dosari ndio uliowaokoa.

Kocher alitangaza matokeo hayo mwaka 1883 na kuacha kutoa tezi yote kwa wagonjwa wa goita ya kawaida. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya kufidia haikuwapo hadi 1891, George Murray wa Uingereza alipomdunga mgonjwa majimaji ya tezi ya kondoo. Leo kuna kidonge, kwa hiyo hesabu imegeuka: wapasuaji wengi huona ni afadhali kutoa yote mara ya kwanza kuliko kumrudia mgonjwa mwenye kovu, kwa sababu ndani ya kovu neva haionekani vizuri na parathairoidi hupotea kirahisi.

Kisu pia hakiondoi sababu. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti akiwamo François Delange wa Ubelgiji walichunguza goita kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, wakaona kwamba mbali na uhaba wa iodini, muhogo usioandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwani mwilini huacha thaiosayaneti, kemikali inayoizuia iodini kuingia kwenye tezi. Mtu akikatwa goita kisha akarudi kwenye chakula kilekile na chumvi isiyo na iodini, bila vidonge, masalia yake yatapata uchochezi uleule ulioivimbisha tezi ya kwanza.

Jinsi masalia yanavyojitambulisha hutofautiana. Mara nyingi hakuna dalili yoyote, ultrasaundi ndiyo husema. Pengine mgonjwa aliyezoea dozi moja kwa miaka huanza kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio na kupungua uzito, na maabara huonyesha kwamba thairoksini imezidi: masalia yameanza kuchangia, na dozi inapaswa kupunguzwa. Wengine huhisi kinundu wanapomeza. Kwa aliyetibiwa saratani, daktari hufuatilia thairoglobulini, protini itengenezwayo na seli za thairoidi peke yake; ikipanda, lazima ijulikane kama inatoka kwenye masalia ya kawaida au kwenye ugonjwa uliojirudia. Tiba za mambo hayo mawili hazifanani.

Kwa hiyo wewe uliyepasuliwa, au unayemuuguza aliyepasuliwa, omba nakala ya ripoti ya operesheni na uitunze pamoja na vyeti vyako. Uliza kimetolewa kipande gani, kimebaki nini, na kwa nini kiliachwa. Na wewe unayefasiri vipeperushi vya hospitali, andika masalia, andika uchipuaji, na sentensi ya "tezi imeota tena" uifute.